Cheti kipi kwanza kwa anayetaka kuingia kwenye kodingi ya hospitali Marekani?

Swali: "Habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, niko Columbus, Ohio, mwaka wa nne sasa. Nyumbani nilikuwa masjala ya hospitali ya wilaya, nikijaza vitabu vya MTUHA na baadaye fomu za madai ya NHIF. Hapa ni CNA (msaidizi wa muuguzi) kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku, na mgongo umeanza kulalamika. Nina watoto wawili. Kuna shule ya mtandaoni imenipigia simu mara tatu: jumla dola 4,000 za kulipa kwa awamu, miezi minne, nipate cheti cha kodingi na madai ya bima, halafu nifanyie kazi nyumbani kwa mshahara wa dola 70,000. Wifi yangu anasema nisihangaike na kodingi, nichukue cheti cha mapokezi kwa kuwa ni rahisi. Shemeji anasema nisisome kabisa, akili mnemba itaimaliza kazi hiyo. Nimesoma kuhusu CPC, CCA, CBCS, CMAA na RHIT mpaka kichwa kinauma. Kiingereza changu ni cha kawaida. Nianze na kipi? Na nikirudi nyumbani kitanisaidia?"

Dada yangu, pole na zamu za usiku, na pole na mgongo.

Nimelisoma swali lako mara mbili. Umeuliza kuhusu vyeti vitano, lakini naona kinachokunyima raha ni kimoja: usije ukatoa dola 4,000 za jasho lako, ukapata karatasi ya kutundika ukutani, halafu Jumatatu ukarudi kule kule kugeuza wagonjwa. Una haki ya kuogopa. Nimefanya kazi ya koda, yaani mtu anayegeuza maelezo ya daktari kuwa misimbo ya bili, kwa miaka mingi, siku hizi nakagua kazi za makoda wenzangu, na nimekaa mezani na ndugu zetu wengi waliolipa kwanza wakauliza baadaye. Wewe umeuliza kabla. Jibu langu kwa ufupi: shule hiyo usiilipe. Lenga CPC, cheti cha koda wa kazi za madaktari, lakini wakati unasoma, sogea kwenye dawati lolote linaloshika mafaili au madai ya wagonjwa. Cheti bila dawati huchelewa sana kuzaa kazi, na nitakueleza kwa nini.

Neno "cheti" ndilo linalotupoteza wengi. Sisi tunaita vyote cheti, kumbe hapa ni vitu viwili tofauti. Shule ikikufundisha ukamaliza, inakupa cheti cha kumaliza mafunzo. Hicho kinasema ulisoma. Cheti ambacho mwajiri anakitaja kwenye tangazo la kazi kinatolewa na chama cha taaluma baada ya kufanya mtihani wa chama hicho, na shule haina uwezo wa kukutolea. Vyama vya kukumbuka ni vitatu. AAPC, kilichoanzishwa 1988 na chenye makao Salt Lake City, ndicho chenye CPC. AHIMA ya Chicago, iliyoanza 1928 kama chama cha watunza kumbukumbu za hospitali, ndiyo yenye CCA ya koda anayeanza, CCS ya koda mzoefu na RHIT ya mtunza kumbukumbu. NHA ndiyo yenye CBCS ya madai na CMAA ya mapokezi. Jimbo halimpi koda leseni kama linavyompa muuguzi, kwa hiyo hakuna sheria inayokulazimisha kuwa na chochote kati ya hivi. Wanaokulazimisha ni waajiri, na ndio wa kuwasikiliza.

Basi yule wa shule akipiga simu mara ya nne, muulize: mkishanifundisha, nitakaa mtihani wa chama gani? Ada ya mtihani imo ndani ya hizo dola 4,000 au iko nje? Vitabu ni vya mwaka huu? Nikiacha mwezi wa pili, nitabaki na deni la kiasi gani? Kisha nyamaza umsikilize. Akikujibu "utapata cheti chetu kinachotambulika kote", hapo umeshajua. Swali la vitabu usilione dogo. ICD-10-CM, kitabu cha misimbo ya magonjwa, hubadilika kila 1 Oktoba, na CPT, kitabu cha misimbo ya kazi za daktari, kila 1 Januari, na misimbo mingine hufutwa kabisa. Msimbo 99201, uliotumika miaka na miaka kwa mgonjwa mpya mwenye tatizo jepesi, ulifutwa 2021. Nimeshakutana na mwanafunzi aliyekuwa bado anaukariri muda mrefu baada ya hapo, kwa sababu shule yake ilimuuzia vitabu vya zamani.

Na zile dola 70,000? Takwimu za Idara ya Kazi ya Marekani za Mei 2023 zinaonyesha kwamba mtu wa katikati kabisa kwenye kundi la watunza kumbukumbu za tiba na makoda alipata dola 48,780 kwa mwaka. Huyo ni wa katikati, anayeanza hupata chini ya hapo. Wapo wanaofika 70,000 na kupita, wengi wao ni makoda wa wagonjwa waliolazwa na wakaguzi, watu waliokaa kwenye kazi kwa miaka. Anayemwahidi mtu wa miezi minne mshahara huo anamdanganya.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe, maana ukiielewa utaona mwenyewe kwa nini vyeti vinatofautiana. Kule masjala, ulipojaza MTUHA ulikuwa unahesabu: malaria wangapi, nimonia wangapi, wa chini ya miaka mitano wangapi. Hesabu ilipanda wilayani, ikaenda mkoani na wizarani. Hapa ugonjwa unageuzwa kuwa msimbo kwa ajili ya takwimu pia, lakini msimbo huo huo ndio unaobeba bili. Mgonjwa anaonwa na daktari, daktari anaandika maelezo, koda anayasoma na kutoa misimbo ya aina mbili kuu. ICD-10-CM, ambayo Marekani ilianza kuitumia 1 Oktoba 2015 na ina misimbo zaidi ya 70,000, inasema mgonjwa anaumwa nini. CPT, mali ya chama cha madaktari wa Marekani tangu 1966, inasema daktari alifanya nini. Ya tatu, HCPCS, inabeba vitu kama ambulansi, vifaa na baadhi ya dawa. Misimbo inaingia kwenye dai, fomu ya CMS-1500 kwa daktari au UB-04 kwa hospitali, na bima inalinganisha: alichofanya daktari kinaendana na ugonjwa uliotajwa? Visipoendana, dai linarudi bila malipo. Wewe uliyewahi kurudishiwa fomu za NHIF kwa sababu utambuzi na dawa havikuoana, jambo hili unalijua tayari. Umebadilishiwa vitabu tu.

Ngoja nikuonyeshe faili moja. Mzee wa miaka 68 amekuja kliniki. Daktari ameandika: kisukari aina ya pili, presha, ugonjwa sugu wa figo hatua ya 3b, anaendelea na vidonge vya kisukari, dozi ya dawa ya presha imepandishwa. Anayeanza atafungua kitabu na kutoa E11.9 kwa kisukari kisicho na madhara, I10 kwa presha na N18.32 kwa figo hatua ya 3b. Kila msimbo ukiutazama peke yake unaonekana sawa, lakini kwa pamoja ni makosa. Mwongozo wa ICD-10-CM unasema yapo magonjwa ambayo yakikutwa kwa mtu mmoja huchukuliwa kuwa yanahusiana, hata kama daktari hakuandika kwamba hili limeleta lile, isipokuwa akiandika wazi kwamba hayahusiani. Kisukari na figo wamo. Presha na figo wamo. Kwa hiyo E11.9 inaondoka, inakuja E11.22, kisukari chenye ugonjwa wa figo. I10 inaondoka, inakuja I12.9, presha yenye ugonjwa wa figo. N18.32 inabaki kusema figo iko hatua gani, na Z79.84 inaongezwa kuonyesha kwamba mgonjwa anatumia dawa za kisukari za kumeza kwa muda mrefu. Juu yake unaweka msimbo wa daktari kumwona mgonjwa, hapa ni 99214, na kama damu ilichukuliwa kwenye mshipa, 36415.

Angalia kilichotokea: mzee ni yule yule na maneno ya daktari ni yale yale, ila faili la kwanza linasema mzee ana kisukari kisicho na tatizo, na la pili linasema kisukari kimeshagusa figo. Bima inaliona hilo. Daktari mwingine atakayelifungua mwakani ataliona. Kwa hiyo msimbo mbaya unaumiza mfuko wa kliniki na unaweza kumpotosha atakayemtibu mgonjwa. Ndiyo sababu sipendi mtu aambiwe kodingi ni kukaa nyumbani na kubofya.

CPC inapima jambo hili hasa. Mtihani una maswali 100 ya kuchagua jibu, saa 4, na unafaulu kwa asilimia 70. Ukigawanya, unapata dakika mbili na sekunde 24 kwa kila swali. Unaingia na vitabu vyako vyote vitatu. Wengi wakisikia hivyo hupumua, wakidhani mtihani wa kufungua kitabu ni rahisi, na hapo ndipo wanapoangukia. Usipokijua kitabu, dakika mbili zinaisha ukiwa bado unatafuta ukurasa. Anza kuandika pembeni ya kurasa kwa kalamu tangu wiki ya kwanza, weka alama za kurasa, na usiingie na karatasi za maelezo ulizobandika, haziruhusiwi. Kitabu changu cha mwaka niliofanya mtihani bado ninacho, kurasa za sura ya moyo zimechakaa mpaka zinakunjika kama kitambaa. Ada ya mtihani ni zaidi ya dola 400, uanachama unalipwa kila mwaka, na ukishafaulu unatakiwa kukusanya pointi 36 za kujiendeleza kila miaka miwili ili cheti kisife. Hayo yaingize kwenye bajeti leo, usiyagundue baadaye.

Halafu kuna herufi moja ambayo shule nyingi hazikutajii. Ukifaulu CPC bila uzoefu, hupewi CPC. Unapewa CPC-A, na hiyo A maana yake ni mwanagenzi. Mwajiri akiiona anajua hujawahi kukodi (kuwekea misimbo) dai la kweli, na wengi wanaandika kabisa kwenye tangazo kwamba hawataki A. Kuiondoa kuna njia mbili. Ya kwanza, ulete barua zinazothibitisha miaka miwili ya kazi. Ya pili, uonyeshe mafunzo ya saa 80 pamoja na mwaka mmoja wa kazi. AAPC ina programu yake ya mazoezi iitwayo Practicode, ambayo ukiimaliza huhesabiwa kama mwaka mmoja wa uzoefu. Inasaidia kuondoa herufi, ndiyo. Lakini mwajiri akikuuliza kwenye usaili "umefanya wapi?", Practicode si jibu zuri kama jina la kliniki. Ndugu zetu wengi wanakwama hapa: wana A, hawapati kazi kwa sababu ya A, na hawawezi kuitoa A kwa sababu hawana kazi.

Ndipo ninaporudi kwenye dawati. Tena wewe huna haja ya kulitafuta mbali.

Nyumba ya wazee unayofanyia kazi inaishi kwa misimbo hii. Tangu 1 Oktoba 2019, Medicare, bima ya serikali ya wazee, inazilipa nyumba hizo, kwa wagonjwa wanaotoka hospitali kuja kurudishiwa nguvu, kwa mfumo uitwao PDPM. Kwenye mfumo huo, msimbo wa ICD-10 wa sababu kuu iliyomleta mgonjwa unaingizwa kwenye tathmini iitwayo MDS, na unachangia kuamua malipo ya kila siku. Sehemu nyingine ya tathmini hiyo inaangalia mgonjwa anajiweza kiasi gani: kula, kusafisha kinywa, kwenda chooni, kuhama kutoka kitandani kwenda kitini. Unaona maneno hayo? Ndiyo yale unayoyaweka kwenye kompyuta kila usiku kabla ya kukabidhi zamu. Unapoandika kwamba mama wa chumba fulani alisaidiwa na watu wawili kuinuka, kuna mtu ofisini anayasoma mchana na kuyageuza kuwa malipo. Huyo ni muuguzi wa MDS, na karibu yake kuna mtu wa kumbukumbu, mtu wa madai na mtu wa kupokea wagonjwa wapya. Kuhama kutoka wodini kwenda kwenye mojawapo ya viti hivyo, hata kwa mshahara unaokaribiana na wa sasa, kuna thamani kuliko miezi minne ya video za shule ile. Utashika mafaili, utajua bima zinavyokataa, na utakuwa na mtu wa kukuandikia barua siku ya kuiondoa A.

Kama hapo kwenu hakuna nafasi, tazama hospitali kubwa za mjini kwenu: kazi za kusajili wagonjwa, kuomba vibali vya bima, kufuatilia madai yaliyokataliwa. Nyingi hulipia masomo ya wafanyakazi wao. Sheria ya kodi ya Marekani inamruhusu mwajiri kulipia mpaka dola 5,250 kwa mwaka bila wewe kukatwa kodi kwenye fedha hizo. Kiasi hicho kinazidi bei ya shule ile, na hakitoki mfukoni mwako.

Kwa hiyo wifi yako hajakosea sana. Anapokushauri mapokezi, anakuelekeza mahali pazuri, ila anakutangulizia cheti pasipo na haja. Kazi ya mapokezi watu huidharau, na mimi nimeona inavyookoa. Kliniki niliyoanzia ilikuwa na wagonjwa wengi waliotoka kambi za wakimbizi za Kigoma. Wengi waliosajiliwa kambini walipewa tarehe ya kuzaliwa ya 1 Januari, na majina yetu unayajua, la baba linawekwa mbele hapa, nyuma pale. Wagonjwa wawili wenye majina yanayofanana, wote wa 1 Januari, mwaka mmoja, majibu ya maabara ya mmoja yakaingia kwenye faili la mwenzake. Aliyegundua ni binti Mkongo wa mapokezi, aliyemuuliza mgonjwa kwa Kiswahili jina la mama yake mzazi. Madai mengi sana hukataliwa kwa sababu ya mambo ya mlangoni, jina, tarehe, namba ya bima, kabla hata hayajafika kwa koda. Wewe ukikaa pale ni faida kwa kliniki. (Ila wakitaka uwe mkalimani wa daktari, waambie hiyo ni kazi nyingine yenye mafunzo yake. Usiifanye kienyeji kwenye mambo ya ridhaa na upasuaji.)

Lakini kukaa mapokezi hakudai CMAA. Fungua matangazo ishirini ya kazi za mapokezi kwenye kliniki unazoweza kufika kwa gari, uhesabu mangapi yanaitaja. Kama ni mawili, hela yako ikae mfukoni. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa CBCS. Ni cheti halali, kinamfaa anayetaka kufuatilia madai kuliko kukodi, na kikija ndani ya kozi unayolipiwa, kichukue. Sikushauri ukinunue kwa fedha zako kama mlango wa kodingi, kwa sababu mara nyingi tangazo la kodingi litataja CPC au vyeti vya AHIMA.

CCA ni mtihani wa AHIMA kwa anayeanza. Hauna herufi ya mwanagenzi, unahitaji uwe umemaliza sekondari tu, na unagusa pia misimbo ya wagonjwa waliolazwa. Kama hospitali unazozilenga zinaitaja, ni chaguo zuri kabisa, na sitabishana na atakayeianza hiyo. Mimi naielekea CPC kwako kwa sababu kliniki za madaktari ndizo nyingi, na ndizo zinazompokea mgeni.

RHIT niiseme kwa uangalifu. Hiyo haiji kwa mtihani peke yake. Inataka shahada ya miaka miwili kutoka chuo kilichoidhinishwa na CAHIIM, na kwa mtu anayesoma jioni miaka miwili huwa mitatu. Ni njia ndefu, ila ndiyo inayokupeleka kwenye usimamizi wa kumbukumbu, na vyuo vya jamii vinavyoifundisha hupokea msaada wa masomo wa serikali kuu kwa mwenye green card. Umri wa watoto wako unaujua wewe. Usiifunge. Chukua hata somo moja la istilahi za tiba kwenye chuo cha jamii muhula ujao: litahesabika ukiendelea na RHIT, na litakusaidia kwenye CPC.

Hapo tunafika kwenye Kiingereza chako. Istilahi za tiba si Kiingereza cha mazungumzo. Ni vipande vya Kigiriki na Kilatini vilivyounganishwa, na wewe umezaliwa ukiunganisha vipande. Mtu anayesema "hatukumpikia" bila kufikiri ameshashika ha, tu, ku, m, pik, i na a kwa pumzi moja. Basi "cholecystectomy" isikutishe: chole ni nyongo, cyst ni kifuko, ectomy ni kukata na kuondoa. Kifuko cha nyongo kimeondolewa. Ukiona ectomy popote, kuna kitu kimetolewa. Ukiona itis, kuna uvimbe wa maradhi. Jifunze vipande vitano kwa siku, andika kwa kadi, na baada ya miezi mitatu utasoma ripoti ya upasuaji kwa kasi kuliko Wamarekani wengi wanaoanza nawe. Kiingereza kitakachokusumbua ni cha simu na bima, na hicho kinafunguka kazini.

Kufanyia kazi nyumbani kupo kweli, mimi mwenyewe nafanya. Lakini mara chache sana anapewa anayeanza. Mwajiri anataka kwanza aone usahihi wako unafika asilimia 95 na kasi yako imetulia, na hilo huchukua mwaka mmoja au miwili ya kukaguliwa. Pia sheria ya faragha ya 1996, HIPAA, inakufuata mpaka sebuleni. Utahitaji chumba chenye mlango, skrini ambayo mtoto au mgeni haioni, na hutaruhusiwa kuchapa karatasi za wagonjwa ovyo. Anayekodi huku analea hawezi. Watoto wako watahitaji mtu au shule saa hizo.

Shemeji anastahili jibu la kweli. Mashine zinakodi, na hazijaanza jana. Picha za eksirei na ziara nyepesi zinazojirudia, programu zinazimaliza. Kwa maoni yangu, nafasi za anayeanza zimekuwa finyu kwa sababu hiyo, na ndiyo sababu nyingine inayonifanya nisikushauri kukimbilia cheti tupu. Zinazobaki ni kazi za kukagua mashine ilichotoa, kupigania madai yaliyokataliwa na kumwandikia daktari kumuuliza alichomaanisha. Mfano wa mzee wa figo, mashine inaweza kuupata. Ila daktari akiandika kwenye ukurasa mmoja "figo zimeharibika kwa kisukari" na kwenye ukurasa wa tatu "ugonjwa wa figo hautokani na kisukari", anatakiwa mtu anyanyue simu.

Kuhusu kurudi nyumbani: CPT ni mfumo wa Marekani, na ICD-10-CM ni toleo la Marekani. Nyumbani mmezoea ICD-10 ya Shirika la Afya Duniani, na shirika hilo limeshatoa ICD-11, inayotumika tangu 1 Januari 2022. Kwa hiyo CPC haikufungulii kazi Dar es Salaam kwa jina lake. Kinachosafiri ni ujuzi wa kusoma faili, kulinganisha matibabu na utambuzi, na kuona dai la uongo, na hospitali na kampuni za bima zinauhitaji. Ila usipange kukaa Tanzania ukimkodia mwajiri wa Ohio kwa kompyuta yake. Waajiri wengi hawaruhusu mafaili ya wagonjwa yafunguliwe nje ya nchi, na kazi zinazokwenda nje huenda zaidi kwa kampuni za India na Ufilipino.

Yapo mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi, nenda uonane na mtu. Kama umeshaweka sahihi kwa shule ile, hata kwa kubofya, peleka mkataba wote kwenye ofisi ya msaada wa sheria ya kaunti kabla hujalipa awamu inayofuata. Kama hali yako ya uhamiaji haijatulia, muulize mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kuomba msaada wowote wa masomo wa serikali. Mgongo nao mwonyeshe daktari, na umwambie ni kazi gani unafanya, iandikwe. Na kwa ajili ya masomo, nenda kituo cha ajira cha serikali, kwenu Ohio vinaitwa OhioMeansJobs. Chini ya sheria ya 2014 iitwayo WIOA wanaweza kulipia mafunzo kwa anayestahili, mradi kozi iwe kwenye orodha yao iliyoidhinishwa. Omba kuiona orodha hiyo, uitafute shule iliyokupigia. Beba vyeti vyako vya nyumbani, na uliza kuhusu kuvifanyia tathmini kwenye kampuni iliyo chini ya NACES, chama cha wanaotathmini vyeti vya nje, usimpe mtu wa mtaani.

Kesho ukikabidhi zamu, usiondoke mara moja. Subiri mtu wa kumbukumbu afike saa mbili asubuhi. Mwambie ulikaa masjala, ulishika madai ya bima ya taifa, na unajua wagonjwa wa wodi yako kwa majina. Muulize nani anaingiza misimbo hapo, na nafasi ikitokea inatangazwa wapi.